Gauni Langu la Zambarau

Mume wangu nilimwona mikono kabla sijamwona uso. Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa kule Temeke, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala na Temeke yenyewe ikiwa nusu mji, nusu mashamba ya mikorosho. Asubuhi moja walikuja watu wa idara ya afya kuwatoboa watoto vidole, wachukue damu wakaipime malaria. Kazi yangu ilikuwa kuwapakata wale wanaolia. Nilikuwa nimempakata mmoja, nimemziba macho kwa kiganja, ndipo nikaiona mikono iliyokishika kile kidole chake. Vidole vyote vilikuwa rangi ya zambarau, na kwenye kucha rangi ilikuwa imekolea mpaka ikakaribia weusi.

Nikamwuliza bila hata salamu, "Wewe unaumwa nini mikononi?"

Akainua uso. Alikuwa kijana mwembamba, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri, na meno ya mbele yana mwanya. "Siumwi, mwalimu. Ni rangi ya kazini."

"Kazi gani hiyo, ya kupaka nyumba?"

"Ya kupaka ini la panya," alisema, akamfuta mtoto damu kwa pamba na kumwita mwingine.

Nilidhani ananifanyia mzaha. Siku nzima niliudhika, na jioni nikamsimulia baba. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo. Alikuwa ametuhamisha kutoka Usambara nikiwa msichana mdogo, akaja Dar es Salaam na vitabu vyake na baridi yake ya milimani, maana hata katika joto la Januari alivaa koti. Alinisikiliza, halafu akasema, "Huenda ni kweli. Watu wa maabara wana mambo yao."

Haikupita muda mrefu, bwana mkubwa wa maabara ile akawaalika walimu wa mji kwenda kuona kazi inavyofanywa. Baba akanichukua. Tulipanda basi hadi mjini, kisha tukatembea kwa miguu mpaka kwenye jengo jeupe upande wa baharini, lenye madirisha makubwa na harufu ya spiriti iliyokupokea tangu ngazini. Bwana mkubwa, Mwingereza mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso akaisahau huko, alitukaribisha kwa Kiswahili cha kitabuni, akatugawa makundi. Kundi letu likapewa yule kijana.

Alinitambua. Alisema, "Mwalimu, leo utaliona ini."

Alituonyesha kipande cha ini la panya kilichogandishwa ndani ya nta, akatuonyesha mashine yenye wembe iliyokikata vipande vyembamba sana, hata ungepumua karibu navyo vingeruka. Kipande kimoja kilikuwa kimeshabandikwa juu ya kioo na nta yake imeyeyushwa ikaondolewa. Akakiweka chini ya hadubini, akaniambia nitazame. Nikatazama. Hapakuwa na kitu. Niliona mwanga tu, na kama ukungu kidogo pembeni.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Sawasawa. Ndivyo kilivyo. Nyama ikikatwa vipande vyembamba hivi, haina rangi ya kuonekana."

Akakitoa kile kioo, akachukua chupa ndogo yenye kifuniko cha mpira na kudondosha matone machache. Rangi ile ilikuwa nzito, ya zambarau iliyoiva, na ilipoenea juu ya kioo nilitamani kuigusa. Kumbe ilikuwa ileile dawa ya zambarau ambayo wauguzi huwapaka watoto vidonda vya mdomoni, ile ambayo siku hizi watu huiita jivii. Alisema ilianza kama rangi ya nguo huko Ulaya, kabla wataalamu hawajagundua kwamba inapenda kushika kwenye viungo vya mwili na kwenye vijidudu. Akasubiri kidogo, akaisuuza kwa maji, akapitisha spiriti kuondoa iliyozidi, akakausha. Vidole vyake vilikwenda bila haraka, na mara moja tone likamdondokea kwenye gumba, wala hakujishughulisha kulifuta.

"Haya, tazama tena."

Nikainama. Pale palipokuwa patupu palikuwa na mji. Nyumba zimepangana ukuta kwa ukuta, njia nyembamba zikipita katikati, na ndani ya kila nyumba kitu kimoja cha mviringo, cheusi kuliko vingine, kimekaa kama mwenye nyumba aliyejipumzisha. Nilipiga ukelele. Walimu wengine wakageuka.

"Hizo nyumba ndizo seli," alisema. "Zilikuwapo tangu mwanzo. Rangi imetuonyesha tu."

Baba naye akataka kuona. Alivua kofia, akainama, na hakuinuka. Mwalimu mmoja akakohoa, mwingine akauliza kama kuna hadubini ya pili. Baba alikuwa akinong'ona tu, "Loo! Loo!" mpaka bwana mkubwa mwenyewe akaja kumgusa bega. Njiani kurudi, tukiwa kwenye basi karibu na Keko, akasema, "Yule kijana ni mtu wa wapi?"

"Sijui, baba."

"Mwulize."

Sikuhitaji kumwuliza. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani kwetu, Temeke, ilhali alikuwa akikaa Kinondoni na wenzake, na kutoka Kinondoni mpaka Temeke kwa baiskeli ni kutoka jasho kwelikweli. Alikuwa Mpare, Mlutheri kama sisi. Jumapili ile alikaa viti vya nyuma. Iliyofuata akasogea, na kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa anaimba besi katika kwaya, akikaa mstari uleule wa baba.

Mama ndiye aliyechelewa kumzoea. Hakuwa na neno na tabia yake, maana kijana aliamkia vizuri na alikula kila alichopewa. Tatizo lilikuwa mikono. Mama alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia, alisugua sufuria kwa mchanga mpaka zikatoboka, na alishindwa kuamini kwamba kuna rangi isiyotoka. Siku moja, baada ya chakula, akamwita uani.

"Mwanangu, hebu njoo hapa. Umejaribu limau?"

"Nimejaribu, mama."

"Na majivu?"

"Majivu bado."

Akamkalisha kwenye kigoda, akamshika mikono kama mtoto, akaisugua kwa limau na majivu, akaongeza mchanga, akarudia limau. Kijana wa watu alivumilia, machozi yakimlengalenga kwa ukali wa limau, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimejiziba mdomo. Mikono ikawa myekundu, ikawa laini, lakini kucha zikabaki zambarau vilevile. Mwisho mama akamwachilia. "Basi," alisema, "nikiendelea utabaki mifupa." Wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo akawa anamwekea kando ukoko wa wali, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia mtu mwingine.

Posa ililetwa, wazee wa Upare wakaja na wa kwetu wakashuka kutoka milimani, wakazungumza wakaelewana. Harusi ikapangwa Jumamosi moja baada ya Pasaka. Baba mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Unguja, aliniletea hariri nyeupe, laini mno, na dada yangu mkubwa, aliyejua cherehani kuliko mafundi wengi wa barazani, akanishonea gauni refu la mikono mirefu, lenye lesi ya pamba shingoni na kwenye vifundo. Mama alilifunika kwa shuka, akawa analifunua kila jioni kulitazama, kisha analifunika tena. Kwa ajili ya mikono ya bwana harusi alikuwa ameshatafuta dawa: glavu nyeupe. "Atazivaa tangu anapoingia kanisani mpaka anapotoka," aliagiza. "Sitaki alama ya kidole hata moja kwenye hariri ile."

Basi sikiliza yaliyotokea.

Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa bado ananyonya, alipatwa na utando mweupe mdomoni. Hanyonyi, halali, na nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi. Mchumba wangu aliposikia akaleta chupa ya dawa ya zambarau, akamwonyesha dada namna ya kumpaka kwa pamba. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Dada alikuwa amekaa chumbani kwenye mkeka, gauni limelala mbele yake, anamalizia upindo wa chini kwa mkono. Mtoto yuko pembeni. Alikuwa ametoka kumpaka dawa, na chupa ilikuwa juu ya kigoda, haijafungwa.

Uani kulikuwa na jogoo. Shangazi alikuwa amemleta kutoka Mbagala kwa ajili ya pilau ya Jumamosi, jogoo mkubwa mwenye hasira, amefungwa kamba mguuni. Nani alimfungua hatukujua, na nadhani alijifungua mwenyewe. Alikimbizwa uani na wanawake, akapita jikoni, akaingia chumbani na kamba yake ikiburuta nyuma. Kamba ikanasa kwenye kigoda.

Mimi nilikuwa shuleni, kwani nilikuwa nimeomba nifundishe mpaka siku hiyo. Nilisikia naitwa dirishani na binamu yangu, akihema. "Dada, njoo nyumbani. Njoo tu."

Nilikimbia nikidhani mtu amefariki. Nilipofika nilimkuta mama amekaa chini uani, mikono kichwani. Shangazi amesimama kama nguzo. Dada yuko chumbani analia, kitambaa cha maji mkononi, kwa sababu katika kujaribu kufuta alikuwa ameieneza zaidi. Mbele ya gauni, kuanzia kifuani hadi magotini, palikuwa na doa la zambarau lenye umbo la jani la mgomba. Na kando ya gauni, juu ya mkeka, mtoto amekaa ananitazama. Mdomo wake wote ulikuwa zambarau, fizi zambarau, na alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa.

Nikaanza kucheka. Sikukusudia. Nilimwona yule mtoto na mdomo wake, nikamsikia jogoo akiwika juu ya paa la choo alikokimbilia, kicheko kikanishika nikaegemea ukuta. Mama akapaza sauti kutoka uani, "Amechanganyikiwa! Mwanangu amechanganyikiwa!"

Mchumba wangu alifika saa za mchana, baada ya kuitwa. Alilitazama gauni. "Spiriti itaipunguza," alisema polepole, "lakini haitaimaliza. Na inaweza kuieneza." Kisha akamgeukia mama, akapiga goti. "Mama, mie ndiye niliyeileta chupa hii nyumbani kwako. Nisamehe."

Nikajibu mimi. "Aliyeileta ni wewe, aliyeimwaga ni jogoo. Na jogoo Jumamosi tunamla."

Mama akatoa sauti ndogo puani, nikajua amekaribia kucheka. Hapo ndipo wazo likanijia. Nilikuwa nakumbuka ile rangi ilivyoenea juu ya kioo siku ile maabara, na nilivyotamani kuigusa.

"Kwa nini tusilitie lote?" nikasema. "Gauni zima. Liwe zambarau."

Shangazi akasema, "Mtoto wa kike kuolewa na nguo ya zambarau, wapi umeona?" Lakini mchumba wangu alikuwa amerudi chumbani, ameinua upindo wa gauni, anausugua kati ya vidole vyake, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

"Hii ni hariri kweli?"

"Hariri tupu," dada akajibu kutoka mkekani.

"Hariri inatoka kwa mdudu. Ni kama nyama. Rangi hii inapenda vitu vya wanyama, itaishika vizuri kuliko tunavyodhani. Lesi ni pamba, hiyo itakunywa kidogo tu." Akanitazama. "Unataka kweli?"

"Nataka."

Mama akainuka, akajikung'uta kanga, akaingia kulitazama gauni mara nyingine. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema neno moja tu, "Fanyeni," kisha akaenda kuwasha moto.

Chupa moja isingetosha hata mkono mmoja wa gauni. Mchumba wangu akapanda baiskeli mpaka mjini, kwenye duka la dawa la mzee mmoja wa Kihindi, Mshia, aliyezoea kumwona akija kuchukua vitu vya maabara. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye mazungumzo yao. Mzee alimsikiliza, akauliza, "Rangi yote hii, unatibu kijiji kizima?"

"Hapana, mzee. Naoa."

Mzee akavua miwani. Ilibidi aelezwe habari ya jogoo tangu mwanzo, naye akamwita mkewe kutoka nyuma ya duka, habari ikaanza upya. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Halafu akawa mtu wa kazi: alisema yeye hupaka rangi mitandio yake ya hariri nyumbani, na siri ni siki, kiasi kidogo, na kugeuza nguo bila kuchoka, ukiacha kugeuza itatoka na mabaka. Wakampa pakiti ya chengachenga za rangi na chupa ya siki, na mama yule akaongeza kijipakiti cha iliki, kwa ajili ya pilau, alisema, maana jogoo mkorofi hana ladha bila iliki.

Chengachenga zile zilikuwa kitu cha ajabu. Kavu hazikuwa zambarau hata kidogo. Zilikuwa za kijani chenye kung'aa, kama mgongo wa bruka, yule mbawakawa wa kijani. Mchumba wangu aliporudi na kuzitia kwenye kikombe cha maji ya moto, maji yakageuka zambarau papo hapo, na watu wote uani wakasema "Aaa!"

Jirani yetu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akisuka mikeka, ndiye aliyesimamia moto. Yeye alikuwa amechemsha ukindu wa kila rangi tangu utoto wake. Alikuja na sufuria lake kubwa na mti wa kukorogea, akamwangalia mchumba wangu akipima.

"Wewe unaijua rangi," akamwambia, "mie naujua moto. Usinitie haraka."

"Sikutii haraka, mama. Ila tujaribu kwanza kwenye kipande."

Ndivyo alivyofundishwa kazini, hakuna kitu kinachoingia kwenye rangi bila kujaribiwa. Dada akaleta makombo ya hariri. Cha kwanza kilitoka cheusi, na ukikigeuza kwenye jua kinametameta kama shaba. Shangazi akasema hilo ni la msiba. Wakaongeza maji. Cha pili kikatoka kama bilinganya. Maji tena. Cha tatu kilipotolewa na kusuuzwa, jirani alikiinua juu kwa ncha ya mti, jua likapenya. Ilikuwa rangi ya maua ya mbilingani yanapofunguka asubuhi. Mama akakichukua kile kipande, akakiweka shingoni mwangu kwenye ngozi, akarudi nyuma kutazama.

"Hii," alisema.

Gauni likaingia. Tuligeuza kwa zamu, dada, shangazi, jirani, mimi, mama mwenyewe, mvuke wa siki ukituingia puani na kututoa chafya. Mti haukutosha, tukaingiza mikono kila maji yalipopoa kidogo. Mchumba wangu alisimama pembeni akituambia, "Geuza. Geuza tena. Upande wa kola haujanywa." Jirani akaanzisha wimbo wa kwao wa kutwangia, na shangazi, aliyekataa tangu mwanzo, akawa ndiye anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Lilipotoka na kusuuzwa mara nyingi, tulilianika kivulini, kati ya kanga za mama. Hariri ilikuwa sawasawa kote, doa limezama lisionekane. Lesi ilikuwa imenywa kidogo kama alivyosema, ikawa hafifu, kama moshi. Na mishono, kwa kuwa uzi wa dada ulikuwa wa pamba, ilionekana yote, mistari myembamba iliyofifia ikifuata mwili wa gauni. Dada alilalamika kwamba sasa kila mtu ataona pale alipopindisha sindano. Kwangu mimi ilikuwa ndiyo pambo lake.

Mama alitazama mikono yake. Ilikuwa zambarau mpaka kwenye viwiko. Akatazama ya shangazi, ya dada, yangu. Kisha akamtazama mkwewe, akasema, "Ukithubutu kunitajia limau!"

Likabaki jambo moja, nalo lilikuwa kubwa. Zambarau kwetu Walutheri ni rangi ya Kwaresima, ya toba na kufunga. Ndiyo inayotandikwa madhabahuni wakati wa huzuni. Baba, aliporudi kutoka shuleni jioni, ndiye aliyelisema. "Hatuwezi kumshtukiza mchungaji mlangoni mwa kanisa. Twende tukamwambie."

Ijumaa asubuhi tukaenda, baba na mimi, na kile kipande cha hariri ndani ya bahasha. Mchungaji wetu alikuwa mzee mkali, mtu wa kuchunguza urefu wa mikono ya blauzi. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. Baba akaeleza habari ya mtoto, ya dawa, ya jogoo. Alipofika kwenye jogoo, niliona pembe ya mdomo wa mchungaji ikicheza.

"Lete nione," alisema.

Nikampa kipande. Akakipeleka dirishani.

"Madhabahu yangu huvaa rangi hii kila mwaka," alisema, bado ametupa mgongo, "wala haijaacha kuwa madhabahu. Ila nina sharti."

Nikauliza, "Sharti gani, mchungaji?"

"Kitambaa changu cha madhabahu kimepauka mpaka kimekuwa kijivu. Mkimaliza harusi, yule kijana aje na rangi yake."

Baba alicheka njiani kote, na koti lake akalivua, kitu ambacho sikumbuki kumwona akikifanya barabarani.

Jumamosi jua lilikuwa kali ajabu. Nilipoingia kanisani kwa mkono wa baba, nilisikia mnong'ono ukipita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi, na upande wa wanawake mtu akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, akanyamazishwa. Mbele, mchumba wangu alikuwa amesimama na suti nyeupe ya kuazima na glavu nyeupe za mama. Aliponiona akasahau maagizo yote. Alivua glavu, akaziingiza mfukoni, akanipokea kwa mikono yake kama ilivyo. Mama alikuwa viti vya mbele. Yeye mwenyewe alikuwa ameficha mikono ndani ya mtandio.

Kilichotokea baada ya ibada hakikuwa kimefikiriwa na mtu, hata na yule wa maabara. Jasho. Tulikuwa tumesuuza sana, lakini hariri bado ilikuwa na rangi ya akiba, na kwa joto lile la mchana ikaanza kuitoa. Kila aliyenikumbatia aliondoka na alama. Mchungaji alikuwa na kidevu cha zambarau. Wazee wa Upare walikuwa na vifua vya zambarau kwenye mashati yao ya sikukuu. Suti ya kuazima iligeuka ubavu mzima. Watoto wa darasani kwangu walipogundua, wakapanga foleni kunikumbatia, wanatoka wanakagua viganja vyao, wanarudi tena mwisho wa foleni. Jirani yetu wa Kizaramo, aliyekuja na baibui lake jeusi lisilopata madhara, alikuwa anazunguka kati ya wageni akisema, "Nani bado? Nani hajapata?"

Bwana mkubwa wa maabara alikuja pia, na miwani yake juu ya paji. Alinipa mkono, akautazama mkono wake, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni, "Sasa ninyi nyote mmekuwa wafanyakazi wangu." Akaipenda pilau. Alimla jogoo yule, akaomba kuongezwa.

Picha ninayo. Ilipigwa na mpiga picha kutoka mjini, na kwa kuwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, mtu asiyejua anaona tu bibi harusi aliyevaa kijivu, na watu wengi mno wanaocheka bila sababu.

Madhabahu ilipata rangi yake, na suti ikabidi iwe yetu. Temeke nzima, kwa wiki mbili hivi, ungeweza kumjua sokoni aliyehudhuria harusi yetu na asiyehudhuria.

Tulihamia Kinondoni, chumba kimoja katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti, na nje mnazi uliokuwa ukidondosha nazi zake bila taarifa. Siku ya kwanza nilitaka kupika, akanikataza. Alisema tangu alipokuwa bweni huko Upare alikuwa na zamu ya jikoni na leo ananipikia makande ya kwao. Nikakaa mlangoni na miguu yangu nje, naye anahangaika na moto, anaimba besi bila wenzake, moshi unamtoa machozi. Alipopakua tukala sahani moja. Akaniuliza kama chumvi imetosha.

Nikamwambia haijatosha. Akacheka, akainuka kwenda kuazima kwa jirani, na huko akakaribishwa kiti, akaulizwa habari za Upare, akazijibu zote. Nilimsikia akicheka ng'ambo ya ua. Makande yakapoa, nikaendelea kula bila chumvi.